Nimtafutie mama kipindi gani baada ya ile filamu ya mapanki?

Nyar Obunga (Kisumu)

Hamjambo wadau. Nina shida ndogo ya runinga, na humu najua hamkosi mawazo.

Mama amehamia kwangu hapa Mamboleo tangu Januari, goti linamsumbua. Mchana kutwa yuko na runinga. Zile tamthilia za Kifilipino hazitaki, anasema watu wale hawafanyi kazi, kazi yao kulia na kubadilisha nguo. Anataka "watu wa kweli". Basi mimi na ujuaji wangu, Jumamosi moja nikamwekea Darwin's Nightmare, ile ya Hubert Sauper ya 2004 iliyopigwa Mwanza. Nikawaza, ziwa ni letu, samaki ni mbuta yuleyule ingawa wao wanamwita sangara, atafurahi.

Lakini niwaambie mama ni nani. Kwa miaka ishirini na kitu alikaanga mgongo wazi pale Obunga. Kwa msiojua: kiwanda kikishachuna minofu ya kupeleka Ulaya, kinachobaki ni kichwa, uti na mkia. Hicho ndicho kilichotulipia karo. Aliamka saa kumi usiku akapange foleni langoni mwa kiwanda, akanunua, akaosha, akaanika juani, halafu karai likawekwa motoni. Sweta yangu ya shule ilinuka samaki mpaka darasa la nane, na mtoto aliyenicheka kwa hilo nilimpiga, lakini hayo tuyaache.

Filamu ikaanza. Madege makubwa ya Ilyushin yakatua, mama kimya. Akaja yule mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, mama akampenda hapo hapo. "Huyu amesoma maisha." Kisha tukafika penye mapanki, ndivyo wanavyoita mgongo wazi huko Mwanza. Mifupa imerundikwa, matope, mabuu yanatambaa, wanawake wanaanika. Mama akainuka na goti lake bovu.

"Zima."

Nikamwambia mama, wanaonyesha dhuluma. Akaniuliza, "Dhuluma ya nani? Mimi nilianika matopeni siku gani? Karai liko wapi? Mteja yuko wapi?" Nikajaribu kumweleza kwamba huyo mzungu hakubuni, minofu ilipanda ndege kweli na watu wa ziwa wakabakiziwa mifupa. Akasema, "Na mifupa hiyo uliila ukiwa umekalia kiti cha nani, nyathina (mwanangu)?"

Tumenuniana siku mbili. Sasa nisaidieni. Nataka kipindi cha watu wa kweli ambacho mama hatagombana nacho. Kiwe cha hali halisi au yale mashindano ya kukaa nyumba moja, mimi sichagui.

Mkulima Njoro

Binti yangu, pole. Muwekee Shamba Shape Up. Ilianza 2012 pale Citizen, Tonny Njuguna na Naomi Kamau wanaingia kwenye shamba la mtu wakiwa na wataalamu, wanapima udongo, wanarekebisha banda la kuku, wanamwonyesha mwenye ng'ombe jinsi ya kulisha. Hakuna kulia. Mimi kutengeneza sileji, yaani majani ya ng'ombe yaliyovundikwa, kwenye mifuko ya plastiki nilianza baada ya kuona huko, na kiangazi cha mwaka ule ng'ombe wangu wawili hawakukauka maziwa kama wa jirani.

Kasoro yake moja, na mke wangu ndiye aliyeiona kwanza. Kila shamba likimaliza kupambwa, anauliza: na mwaka ujao, nani atarudi kuangalia? Mimi namwambia nyamaza tusikie bei ya mbolea.

Boda wa Milimani (Nakuru)

Mkulima, mtu akijua kamera inakuja, hata mbuzi anaogeshwa. Hao si watu wa kweli tena, ni watu wa Jumapili.

Dadangu, mpe wanyama. Simba hajui kupigwa picha. Tafuta Big Cat Diary ya BBC, walianza 1996 kule Maasai Mara. Wanafuata jamii tatu: simba, chui, duma. Kulikuwa na chui jike Half-Tail, amekatika mkia, na bintiye Zawadi. Ila bingwa ni duma aliyeitwa Kike. Alizoea kupanda juu ya gari apate kuona mbali, siku moja akajisaidia kupitia tundu la paa, mzigo wote ukamwangukia mtangazaji Jonathan Scott ndani. Nilicheka mpaka abiria akaniuliza kama niko sawa.

Na akimaliza hao kuna The Crimson Wing ya 2008, ya heroe, yaani flamingo. Hiyo ilipigwa Ziwa Natron, Tanzania, maana huko ndiko wanakotagia. Inaniuma kidogo. Nikiwa mdogo tulitazama ziwa letu hapa Nakuru likiwa la waridi ukingo mzima, kisha maji yakapanda yakameza hata lango la mbuga, heroe wengi wakajihamia Bogoria. Siku hizi mtalii akiniuliza nimpeleke akaone heroe, namwambia alipie petroli ya mbali.

Msichana wa Akademi

Jamani mbona hakuna aliyetaja Tusker Project Fame! Vijana walifungiwa kwenye akademi, wakafunzwa kuimba, kila wiki mtu akarudi kwao. 2006 Valerie Kimani alishinda, 2012 Ruth Matete. Na Ian Mbugua pale meza ya majaji, uso haukunjuki. Tulikwaruza kadi za simu tupige kura mpaka baba akaficha pochi. Hawa wa siku hizi wa The Real Housewives of Nairobi kazi yao kumwagiana maneno hotelini, lakini nakiri sikosi hata moja.

Nyar Obunga

Asanteni. Wa akademi, mama hawezi. Tuliwahi kujaribu shindano la namna hiyo, kijana mmoja akatolewa, mama akauliza kama amepewa nauli.

Mwalimu Webuye

Nyar Obunga, mama yako ana wenzake wengi. Filamu ile ilipofika hata kuwania Oscar mwaka 2006, Rais Kikwete aliilaani hadharani, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Kilio kilikuwa hichohicho, kwamba mapanki yameonyeshwa kama takataka.

Ila nanyi mlizima katikati. Mimi wanafunzi wangu huwakataza kuhukumu insha kwa aya ya pili.

Mkitaka ya polepole, kuna The Letter ya Maia Lekow na Christopher King. Mjukuu anaishi mjini, anasikia kuwa nyanya yake kule Kilifi anaitwa mchawi, anafunga safari kwenda kuuliza. Nyanya ana miaka tisini na kitu na bado anashika jembe. Ukichimba uchawi huo chini unakuta ardhi. Kenya ndiyo iliyoipeleka kuwania Oscar. Hakuna mzungu wa kukusimulia uhisi nini, wanaongea wenyewe, na Kiswahili chao mama yako atakisikia.

Nyar Obunga

Mwalimu, hapo kwa Kikwete nakataa. Rais alikuwa anatetea jina la nchi. Mama hana habari na jina la nchi. Mama anasema mtu amekuja mahali pake pa kazi, akapiga picha ya takataka, akaondoka bila kununua hata samaki wa shilingi kumi.

Tena jana kaniongezea mengine. Anasema mwaka 1999, Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa ziwa kwa hofu ya sumu, watu wote walizungumzia viwanda na ndege. Lakini kiwanda kikipunguza kuchuna minofu, mgongo unatoka wapi? Foleni ya saa kumi usiku ikawa watu wamekaa tu na mabeseni matupu. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka tulikula ugali na sukuma wiki mfululizo, sikujua ni kwa nini. Nimelijua jana, jikoni, nikiosha vyombo.

Boda wa Milimani (Nakuru)

Hiyo ndiyo filamu. Mpige mama yako picha.

Nyar Obunga

Amesema nikimpiga na simu bila kusuka nywele atarudi Obunga kwa miguu.

Sasa matokeo. Jumatano niliweka duma. Kike alipofanya vituko vyake mama alicheka akashika goti, kisha akasema safi, huyo mzungu atajua gari ni la nani. Shamba Shape Up aliangalia yote, akamkosoa mwenye kuku kwamba banda limeelekea upepo. Mkulima, swali la mke wako aliuliza hilohilo, neno kwa neno.

Halafu leo asubuhi, chai mkononi, haniangalii: "Ile ya Mwanza, ulisema ilibaki muda gani?"

Nikamwambia zaidi ya nusu. Akasema irudishwe mwanzo, Jumapili baada ya kanisa, na nimpigie simu Min Akinyi na yule wa karai kubwa, wote walikuwa naye foleni. Kwamba peke yake hawezi kubishana na mzungu na mimi pia.

Nimeazima viti vitatu kwa jirani. Mwalimu, ile ya nyanya wa Kilifi itangoja wiki ijayo.