Mchaga Mweusi

Kikundi: KIBOSHO NYUMBANI 🍌☕

*Jumamosi, 16 Novemba*

Neema: Shikamooni wakubwa zangu. Krismasi hii vinywaji vya usiku niachieni mimi. Nataka kuwatengenezea kokteli ya kahawa.

Bamdogo Aloyce: Marahaba mama. Pombe yetu ya mbege imekukosea nini?

Neema: Mbege iko palepale Bamdogo, hiyo ni ya mchana na nyama. Hii ni ya saa nne usiku, watu wameshiba, wamekaa barazani na baridi ya mlimani. Vodka mililita 50, pombe tamu ya kahawa mililita 20, barafu, unakoroga. Imeisha hiyo.

Frank Arusha: Naijua. Black Russian. Ukimwagia krimu juu inaitwa White Russian.

Shangazi Vero: Mrusi gani tena anakuja Kibosho na hatujaambiwa

Frank Arusha: Hakuna Mrusi hapo shangazi 😂 Imezaliwa Ubelgiji, hoteli ya Metropole, Brussels, 1949. Mtu wa kaunta aliyeitwa Gustave Tops alimtengenezea Perle Mesta, mama aliyekuwa balozi wa Marekani kule Luxembourg. Urusi imeingizwa kwa ajili ya vodka tu.

Bamdogo Aloyce: Kwa hiyo Mbelgiji kamtengenezea Mmarekani, sifa kachukua Mrusi. Na mwenye kahawa je? Hata hatajwi.

Neema: Tatizo langu ni bei. Hiyo pombe ya kahawa wanayoitumia ni Kahlúa, ya Meksiko. Nimeishika leo supamaketi, nikasoma bei, nikairudisha taratibu kama mtoto aliyelala.

Frank Arusha: Tafuta Kenya Gold, nayo ni ya kahawa.

Mamkubwa Filo: Ngojeni kwanza. Mtu anatoka Dar na kahawa ya Meksiko anapandisha nayo Kibosho? Unapita katikati ya mibuni ya babu yako umekumbatia chupa? Neema usinitie aibu.

Mamkubwa Filo: Anna uko hapo nyumbani. Stoo kuna nini?

Anna Nyumbani: Kuna kama nusu debe, imeshakobolewa. Bibi ananiuliza nacheka nini na simu.

Anna Nyumbani: Nimemweleza. Kasema niandike hivi: "Kahawa ni ya kwenda chamani. Pombe ni mbege."

Bamdogo Aloyce: Mama yuko sahihi. Nyie watoto hamjui. Sisi tumekulia chini ya mibuni, na asubuhi tunakunywa chai ya rangi. Kahawa haikuwa kinywaji, ilikuwa ada ya shule. Tulichuma, tukamenya, tukaosha, tukaanika kwenye vichanja, mvua ikitishia unakimbia kufunika kabla hujafunika kichwa chako. Halafu baba anabeba gunia kwenda chamani, KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa, ulianza 1933 yeye akiwa mtoto, anarudi na risiti. Malipo ya awali yalikuwa ada. Malipo ya pili yakija, ndiyo viatu. Yasipokuja, unaingia darasa la tano na vidole nje.

Shangazi Vero: Aloyce umenikumbusha vile viatu vya mwaka ule, vyote vya kushoto 😭😂

Bamdogo Aloyce: Ladha ya kahawa nimeijulia Dar mimi, nikiwa na miaka 20 na kitu, kwa wazee wa birika pale Kariakoo. Nikajiuliza, kumbe ndicho nilichokuwa nakifukuzia kuku kisidonolewe?

Neema: Sasa Bamdogo si ndiyo vizuri tuinywe sisi

Anna Nyumbani: Bibi anauliza mnataka kiasi gani.

Neema: Kilo moja tu. Ikikaangwa inapungua uzito, inabaki kama gramu 800 na kitu. Chupa moja kubwa, ya lita moja na nusu, inakula gramu 100, nataka chupa nne. Inayobaki ni ya kunywa kawaida.

Anna Nyumbani: Kasema sawa. Kachukua daftari, kaandika. Sijui kaandika nini.

Frank Arusha: Na vodka?

Bamdogo Aloyce: Vodka ya nini na Konyagi ipo.

Frank Arusha: Konyagi ina asilimia 35, vodka mara nyingi 40. Kwa kuloweka kahawa hiyo haina shida. Tupige hesabu. Konyagi 750 ml, ndani yake kilevi chenyewe ni kama 260. Ukichanganya na maji ya kahawa yenye sukari karibu lita moja kasoro robo, unapata lita moja na nusu ya asilimia 17 hivi. Za dukani nyingi zinacheza 16 mpaka 20. Tuko palepale.

Shangazi Vero: Hesabu hizi ungezifanya form four tungekuwa na injinia

Neema: 😂😂 Haya, sikilizeni ninavyofanya. Kahawa iwe ya chenga, si unga. Gramu 100 unaloweka kwenye maji baridi 700 ml usiku kucha. Asubuhi unachuja, maji mengine yamenywewa na chenga, unabaki na kama nusu lita nyeusi tii. Unaweka jikoni moto mdogo na sukari nusu kilo mpaka iyeyuke, isichemke. Ukitaka harufu nene, punguza sukari nyeupe kidogo uweke kipande cha sukari guru. Unaepua. Unaacha ipoe KABISA. Ndipo Konyagi, na ganda moja la vanila ulilopasua. Unafunga, unaweka gizani wiki tatu, unatikisa kila ukikumbuka.

Frank Arusha: Hapo kwenye kupoa Neema andika kwa herufi za dhahabu.

Shangazi Vero: Kwani?

Frank Arusha: Mwaka juzi nilijaribu kwangu. Nikasema kwa nini nisubiri, nikamimina kwenye sufuria ikiwa bado juu ya gesi. Ile mvuke ya pombe ikashuka, ikaukuta moto. Fuuu. Mnakumbuka nilikuja msibani sina nyusi nikawaambia kinyozi kakosea?

Mamkubwa Filo: FRANK!!! Mimi yule kinyozi nilimnunia mwaka mzima

*Jumapili, 17 Novemba*

Anna Nyumbani: Taarifa. Nimeanza kukaanga baada ya misa, Bibi akaninyang'anya mwiko.

Neema: Si alisema kahawa ni ya chamani?

Anna Nyumbani: Kasema kuuza ni kuuza, lakini kuunguza kahawa mbele yake sitaunguza. Sufuria kavu, kuni mbili tu, mwiko hausimami. Punje zimekuwa njano kama mahindi, ikaja harufu ya mkate, halafu zikaanza kulia ta! ta! Akahesabu kidogo akaepua hapohapo. Mimi nilitaka ziwe nyeusi. Kasema zinaendelea kuiva zenyewe kwa joto lake, ukisubiri nyeusi jikoni utakunywa mkaa. Kazimwaga kwenye ungo, kazipeta, maganda yote yameruka.

Anna Nyumbani: Kinu nimetwanga mimi. Mikono imekufa.

Mamkubwa Filo: Mama amejifunzia wapi wakati hatukunywa?

Anna Nyumbani: Nimemuuliza. Kasema nyie hamkunywa.

Bamdogo Aloyce: ...

Bamdogo Aloyce: Kwa hiyo mama na baba walikuwa wanakunywa kahawa sisi tumelala

Shangazi Vero: Miaka 60 umedanganywa kaka 😂😂😂

Shemeji Mwanaidi Tanga: Asalaam aleikum jamani, habari za huko. Nimesoma kuanzia juu. Mimi na wanangu mtatuweka upande gani katika mambo haya?

Neema: Waleikum salaam wifi yangu. Nilikuwa nakuja kwako. Nimefikiria juisi.

Shemeji Mwanaidi Tanga: Juisi kwenye baridi hiyo? Neema, kahawa sisi ndio wenyewe, msitufanye wageni. Hiyo chenga iliyobaki nitunzieni. Nitaichemsha na tangawizi iliyopondwa na iliki, ikae, niichuje. Iwe chungu haswa. Kisha sukari kidogo, na tui. Si lile la pili, tui zito la kwanza, nakuja na nazi zangu. Unaweka kwenye kopo lenye kifuniko, unatikisa kwa nguvu mpaka litoe povu. Anayetaka barafu atie, asiyetaka ainywe ya moto. Na kashata pembeni.

Frank Arusha: Shemeji hiyo nitakunywa na mimi.

Shemeji Mwanaidi Tanga: Karibu. Ila chujio, kopo na glasi zangu nakuja navyo mwenyewe kwenye kikapu changu. Sitaki ikosewe kwa bahati mbaya kijiko kimetoka huku kimeingia kule.

Mamkubwa Filo: Umesema vizuri mwanangu. Meza mbili. Huku Wachaga, huku Tanga. Na zile chupa Anna ziandikwe POMBE kwa maka pen nyekundu, mtoto akiona nyeusi atajua ni soda.

*Jumamosi, 7 Desemba*

Anna Nyumbani: Wiki tatu karibu zinatimia. Nimechuja kwa kitambaa mara mbili, chini kulikuwa na tope. Chupa nne ziko kabatini.

Neema: Umeonja???

Anna Nyumbani: Kijiko kimoja. Sukari inakuja kwanza, halafu kahawa, halafu Konyagi inapiga hodi imeshaingia. Vanila unaisikia puani tu.

Frank Arusha: Haijawa chungu?

Anna Nyumbani: Hapana. Bibi alijua kuepua.

Neema: Krimu je? Nije nayo?

Anna Nyumbani: Usinunue. Ng'ombe anakamuliwa. Nikichemsha maziwa na kuyalaza, asubuhi utando juu ni huu, unaweza kuukalia.

Neema: Safi. Itapigwa kidogo tu na uma, iwe nzito kiasi cha kumiminika. Unaiteremsha juu ya mgongo wa kijiko polepole. Mafuta ni mepesi na chini kuna sukari nzito, kwa hiyo inaelea yenyewe.

Shangazi Vero: Na mtu asinikamulie ndimu humo! Nawajua nyie, kila kinywaji ndimu. Krimu na ndimu ni mgando.

Bamdogo Aloyce: Jina sasa. Mimi siwezi kunywa Mrusi nyumbani kwa baba yangu.

Frank Arusha: Bila krimu, Mchaga Mweusi. Na krimu, Mchaga Mweupe.

Bamdogo Aloyce: Imepita.

Shangazi Vero: Mchaga Mweupe ni wa Machame huyo, tumuache 😂

Mamkubwa Filo: Vero kuna wakwe humu.

*Alhamisi, 26 Desemba*

Frank Arusha: Kuna mtu yuko macho?

Neema: Wote. Saa nane hii nahesabu mbao za dari. Kahawa na pombe kumbe haviombani ruhusa, kimoja kinakulaza kingine kinakuamsha.

Shangazi Vero: Neema ulitupimia na nini? Glasi yangu ya pili ilikuwa na urefu wake

Neema: Kikombe cha dawa ya kikohozi cha mtoto, kile chenye alama za mililita. Nimepima 50 na 20 kila glasi shangazi. Ya pili ulijimiminia mwenyewe.

Bamdogo Aloyce: Mweusi ni mzuri. Mweupe ni mtamu mno, ni maziwa ya mtoto aliyekosa adabu. Ila funga kazi ni ya Mwanaidi. Lile tui na tangawizi.

Mamkubwa Filo: Umekunywa nne, nimeona. Umeacha pombe ya kuzaliwa kwako umehamia Tanga.

Shemeji Mwanaidi Tanga: 😊 Nazi zimeisha. Kesho mkitaka mtafute.

Neema: Gari hazitoki mpaka mchana eh, funguo zote anazo Mamkubwa. Na chupa imebaki moja na nusu.

*Ijumaa, 27 Desemba*

Anna Nyumbani: Habari za asubuhi. Bibi ananiambia niwaandikie, yuko hapa na daftari lake. Nanukuu.

Anna Nyumbani: "Tarehe 16 mwezi wa 11 imetoka stoo kahawa safi kilo moja. Imechukuliwa na Neema kwa niaba ya ukoo. Haijalipwa."

Neema: 😳

Frank Arusha: Bibi shikamoo. Lakini iliyotumika baada ya kukaangwa ni gramu 800 tu, na nusu yake alichukua Shemeji

Anna Nyumbani: "Marahaba. Kilo inahesabiwa ilivyotoka stoo. Mlivyoikausha ni shauri yenu."

Bamdogo Aloyce: Mama bei yako ya chamani au ya dukani?

Anna Nyumbani: "Bei ya mnada wa Moshi. Na kukaanga nimekaanga mimi, hiyo ni kazi, inaandikwa mbali. Na utando wa maziwa."

Mamkubwa Filo: Hahahaha mama jamani

Frank Arusha: Natuma kwa simu yako Anna. Nimetuma. Mpe Bibi, mwambie aika, asante sana.

Anna Nyumbani: Imeingia. Nimemsomea.

Anna Nyumbani: Kaandika "malipo ya awali." Anauliza ya pili yanakuja lini.