Tupeane uzoefu: matembezi ya nchi kavu kwa msafiri wa meli ya kitalii asiyeweza kutembea sana

Mwanzilishi wa mada

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Naomba tukusanye uzoefu wa wale waliosafiri kwa meli za kitalii pamoja na mzazi au jamaa anayetumia kiti cha magurudumu, magongo au mkongojo, hasa namna mlivyopanga yale matembezi ya saa chache meli inapofika bandarini. Ndani ya meli sina wasiwasi mkubwa, kwa kuwa lifti zipo na wahudumu wapo. Taabu huanza mlangoni, pale meli inapokutana na nchi kavu. Baba yangu alipata kiharusi, mguu wa kushoto hauna nguvu, anapanda vidato vitatu au vinne akishikwa mkono, na hapendi kabisa kubebwa. Vijitabu vya matangazo huandika "matembezi mepesi" na kuishia hapo. Mepesi kwa nani? Tafadhali tuandikiane mambo yanayopimika: ngazi, miteremko, umbali, na choo kilipo.

BintiKisauni, Leicester

Kabla hujauliza habari za mji wowote, uliza kama meli itafunga gatini au itatia nanga nje na kushusha abiria kwa mashua. Nilipokuwa na mama katika visiwa vya Ugiriki, jambo hilo ndilo lililoamua kila kitu. Santorini meli hukaa nje, abiria huteremshwa hadi bandari ya zamani iliyo chini ya jabali, na kupanda kwenda mji wa Fira ni kwa gari la kamba, kwa punda, au kwa njia ya ngazi zinazokaribia 600. Kituo cha gari la kamba chenyewe nacho kina ngazi. Matembezi yanayouzwa na meli mara nyingi hushushia watu Athinios, bandari nyingine ya kisiwa hicho, ambako basi hufika hadi chini, lakini kuingia kwenye mashua kunabaki kuwa kule kule: mashua inapanda na kushuka na mawimbi, na mabaharia ndio wenye neno la mwisho kama mtu wa kiti atavuka. Viti vya umeme, kwa uzito wake, mara nyingi hukataliwa. Siku hiyo mimi na mama tulibaki melini, wala sikuona hasara, maana jabali lile linapendeza zaidi ukilitazama kutoka sitahani.

Athens ni habari nyingine. Meli hufunga gatini Piraeus, na kilima cha Acropolis kina lifti upande wa kaskazini iliyoanza kutumika Desemba 2020, pamoja na njia za zege huko juu. Mlango wake si ule wenye foleni ya watu wote, na upepo ukiwa mkali lifti husimamishwa. Basi mwongozaji apige simu asubuhi ile ile kabla hamjaondoka bandarini.

Mzee wa Seattle

Mimi nitaongeza jambo moja ambalo watu wa pwani mtalielewa upesi: kupwa na kujaa. Kwetu Mombasa na Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, lakini Juneau na Ketchikan, kule Alaska, tofauti hiyo inaweza kupita mita 6. Meli hupanda na maji, gati la nguzo halipandi. Kwa hiyo daraja la kushukia ambalo saa tatu asubuhi ni tambarare, alasiri linaweza kuwa mwinuko mkali. Mke wangu aliteremshwa kinyumenyume, baharia mmoja akiwa nyuma ya kiti na mwingine mbele akishika sehemu za miguu, huku vyuma vya daraja vikigonga magurudumu kila hatua. Tangu hapo huchukua jedwali la maji la bandari husika na kupanga saa ya kutoka na ya kurudi kwa kulifuata, badala ya kufuata saa ya chakula cha mchana.

Kwa anayekwenda huko: mto wa barafu wa Mendenhall, ulio karibu na Juneau, huonekana vizuri kutoka njia fupi iliyosakafiwa, na reli ya White Pass inayoanzia Skagway ina mabehewa yenye lifti ya viti, ila sharti uombe mapema.

Msomaji wa kila siku

Kwa ufupi tu: matembezi mliyonunua melini yakichelewa, meli husubiri; ya kukodi binafsi yakichelewa, meli huondoka. Mwenye mgonjwa asiyeweza kuharakishwa aliweke hilo kwenye hesabu zake za bei.

Ukhti wa Muscat

Kaka, mkifika Mutrah, bandari ya meli za kitalii hapa Muscat, msishangae kuona hamruhusiwi kutembea kutoka melini hadi lango la bandari. Kuna basi la kuwavusha, na basi hilo lina vidato. Ukishatoka nje, barabara ya ufukweni ni tambarare na pana, na mzee ataifurahia. Soko la Mutrah lina vichochoro vyenye mwinuko, hivyo baki sehemu ya mbele. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos una uwanja mpana wa marumaru usiokwisha, kwa hiyo hata anayetembea kidogo achukue kiti, na iwe asubuhi, jua halijakuwa kali.

Mtembeza wageni, Unguja

Kaka mwanzilishi, mpe mzee shikamoo yangu. Mimi hupokea wageni wa meli bandarini Malindi, hapa hapa Unguja, na maneno yanayonipa kazi ngumu ni "anatembea kidogo". Niambie kama ulivyoandika hapa, vidato vitatu akishikwa mkono, nami nitajua la kufanya: nitaleta gari la mlango wa kuteleza lenye sakafu ya chini, si Coaster yenye ngazi ndefu. Mji Mkongwe gari haliingii vichochoroni, na nyumba nyingi zina kizingiti kirefu chini ya mlango wa nakshi. Forodhani hakuna shida. Mkunazini, kwenye kumbukumbu ya soko la watumwa, sanamu za uani ataziona akiwa juu, lakini vile vyumba vya chini vina ngazi nyembamba na dari ya kuinamia, namshauri asishuke. Mashamba ya viungo tuyaache wakati wa masika, kwani matope hukamata magurudumu.

Chakula ndicho watu husahau. Mikahawa mingi yenye sifa iko darini, juu ya ngazi za mbao zilizosimama kama ukuta. Omba iliyo chini, na mwongozaji wako aende siku moja kabla, apime mlango wa choo kwa utepe na akutumie picha.