Kwa nini volkano za chini ya bahari karibu na Mayotte zimejipanga kwa mstari?

Msomaji wa Ramani
Salamu kwenu nyote. Natazama ramani ya sakafu ya bahari mashariki mwa Mayotte, mahali ambapo meli ya utafiti Marion Dufresne iligundua volkano mpya mwezi Mei 2019, ambayo sasa inaitwa Fani Maoré na ina kimo cha mita 820 hivi. Haikusimama peke yake, bali iko kwenye ncha ya safu ndefu ya vilima inayotoka kisiwani kuelekea mashariki, ikiegemea kidogo kusini. Ikiwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hupanda kutoka chini, kwa nini isijenge tu mlima mmoja wa mviringo?

Mwalimu wa Jiografia
Ndugu, magma haipandi kama maji ndani ya bomba. Huupasua mwamba na kupenya kwenye ufa mwembamba, mrefu na uliosimama wima kama ukuta. Mwamba wa ganda la dunia umebanwa pande zote, lakini haubanwi kwa nguvu sawa. Kwa hiyo ufa hufunguka kuelekea upande ambako mbano ni hafifu zaidi, na ukuta wa magma hukingama na upande huo. Nguvu hizo zisipobadilika kwa muda mrefu, nyufa mpya huelekea kule kule kulikoelekea zile za zamani, na milipuko hujenga mgongo mrefu badala ya mlima wa mviringo.

Mpenzi wa Bahari
Mfano ulio wazi zaidi ni volkano ya Axial, magharibi mwa pwani ya Oregon, Marekani, kwenye mgongo wa Juan de Fuca ambako mabamba mawili, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia, yanaachana. Kaldera yake, yaani shimo kubwa lililo kileleni, ina urefu wa kilomita 8 na upana wa kilomita 3 tu, na mikono yake miwili ya nyufa inaelekea kaskazini na kusini, ikifuata mgongo wenyewe. Mwaka 2011 lava nyingi ilitokea upande wa kusini. Mwaka 2015 ikatokea upande wa kaskazini.

Mwalimu wa Jiografia
Ni kweli, ila tusiyape mabamba sifa yote. Kamaʻehuakanaloa, volkano ya chini ya bahari kule Hawaii, iko mbali sana na mpaka wowote wa mabamba, na bado umbo lake ni refu. Imeota kwenye mteremko wa volkano ya Mauna Loa, na uzito wa jirani huyo mkubwa unatosha kubadili mbano ndani ya mwamba.

Msomaji wa Ramani
Nashukuru, Mwalimu. Je, Fani Maoré yenyewe nayo ni ndefu?

Mwalimu wa Jiografia
Hapana, na hapo ndipo panapohitaji uangalifu. Mlima wenyewe umetoa migongo inayotawanyika kutoka kileleni kuelekea pande mbalimbali, kwa kuwa lava ilishuka kokote ilikopata mteremko. Nguvu za ganda la dunia zisome katika mpangilio wa safu nzima, si katika kilima kimoja.