Wauza samaki wa mapambo Arusha: mnauza tangi na reinbo siku moja, wakifa mnasingizia maji

Wakuu, sizunguki. Huu mtindo wa kumfungia mteja tangi jipya, changarawe, pampu na reinbo (rainbowfish, visamaki vya rangi vya maji yasiyo ya chumvi) wanane, vyote jioni hiyohiyo, ni wizi. Tena wizi wa mara mbili, maana siku ya sita mteja anarudi na mfuko wa maiti, anaambiwa "maji ya Arusha yana floraidi, ndugu yangu", anauziwa chupa ya dawa na reinbo wengine sita.

Tuanze na hiyo floraidi kwa kuwa ndiyo kisingizio kinachopendwa. Ni kweli maji mengi yanayozunguka Mlima Meru yamepita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, na meno ya kahawia ya wenyeji yanajieleza. Lakini samaki anayepanda juu kuhema siku ya tatu, matamvua mekundu kama yameungua, mapezi ameyabana, kisha anakata roho siku ya tano kwenye tangi lisilo na wiki, pima amonia kwanza kabla ya kuikamata floraidi. Mbona reinbo haohao dukani wanaishi kwenye maji hayohayo ya bomba na wanakula? Tofauti ni moja. Sponji la kuchujia maji la dukani limekaa majini miezi, limejaa bakteria. La mteja limetoka kwenye nailoni leo asubuhi.

Samaki anatoa amonia muda wote anaopumua. Kwenye tangi lililokomaa bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati unaitoa kwa kubadilisha maji kila wiki. Kwenye tangi jipya hao wafanyakazi hawapo. Hapo ndipo Arusha inapokuwa na ubaya wake, na ubaya huo hakuna muuzaji anayeutaja. Amonia majini ina sura mbili, moja sumu, nyingine karibu haina makali, na kinachoamua ipi izidi ni pH (kipimo cha uasidi wa maji: 7 ni katikati, juu yake ni alkali) na joto. Kwa nyuzi 25, maji ya pH 7 yana sumu chini ya asilimia 1 ya amonia yote. Kwa pH 8 inafika kama asilimia 5. Kwa pH 8.5 ni kama asilimia 15. Visima vya huku kusoma pH 8 na kuendelea ni kawaida, kwa hiyo kipimo kilekile cha miligramu 1 kwa lita ambacho samaki wa mtu mwenye maji ya pH 7 wangekivumilia siku kadhaa, kwako ni sumu kama mara tisa kwa pH 8, na mara ishirini na kitu kwa pH 8.5. Ndiyo maana ushauri wa video za ughaibuni, "anza na samaki wachache, watazoea", huku unazika.

Sasa tiba zinazouzwa. Ya kwanza ni chupa ya kushusha pH. Maji ya Arusha mengi yamejaa bikaboneti, yaani KH (uwezo wa maji kuizuia pH isibadilike) iko juu. Unamimina asidi, pH inashuka, kesho asubuhi imerudi palepale, unamimina tena. Samaki anapandishwa na kushushwa kama lifti. pH ya 8.2 isiyotikisika ni bora kuliko 7.0 inayodumu saa chache tu.

Ya pili ni matumbawe yaliyosagwa "ya kuweka maji sawa". Kwenye pH ya juu ya 8 matumbawe karibu hayayeyuki kabisa. Kumuuzia mtu wa Arusha ni kupeleka ndizi Moshi. Mtu mwenye maji laini yanaweza kumfaa. Nyie wa Moshi mnaotumia maji ya chemchemi za mlimani pimeni KH yenu kwanza, msinakili ushauri wa Arusha.

Ya tatu inaniudhi zaidi: "tumia maji ya kunywa ya dumu, ni safi." Maji yaliyopita kwenye mtambo wa kuondoa chumvi hayana KH ya maana. Bakteria wanaokula amonia wanakula na KH humohumo, na ikiisha pH inaporomoka na wao wanasimama kazi. Mteja ametumia hela nyingi kutengeneza tangi bovu. Ukitaka kupunguza ukali wa maji ya kisima, changanya theluthi moja ya maji ya dumu na theluthi mbili za kisima, na uchanganye hivyo kila mara, si leo ndiyo kesho hapana.

Na hata hivyo, kwa reinbo wengi pH ya juu yenyewe si tatizo. Melanotaenia boesemani, yule wa mbele bluu nyuma chungwa, anatoka maziwa ya Ayamaru, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Guinea Mpya, eneo la mawe ya chokaa na maji magumu. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1980. Huyu maji ya Arusha anayaweza. Asichokiweza ni amonia.

Kuna na suala la mfuko. Samaki wanapakiwa Dar, wanapanda basi, saa kumi na zaidi njiani. Ndani ya mfuko uliofungwa kaboni dayoksaidi inarundikana, pH inashuka, na amonia yote waliyoitoa inakaa kwenye ile sura isiyo na makali. Ukifungua mfuko, kaboni inatoka, pH inapanda. Ukianza na kudondoshea maji ya pH 8.4 tone kwa tone kwa saa mbili, kama kila muuzaji anavyoshauri, unawapikia sumu humohumo kwenye mfuko. Fanya hivi: elea mfuko ukiwa umefungwa dakika 15 hadi 20 joto lilingane, ufungue, uvue samaki kwa wavu, uwatie tangini, maji ya mfuko umwage chooni. Basi. Na anayepakia asiwalishe saa 24 kabla ya safari. Samaki aliyesafiri tumbo likiwa tupu hachafui mfuko.

Dawa ya haya yote muuzaji anayo dukani, na haimgharimu kitu. Weka sponji kumi za ziada ndani ya matangi yako makubwa yenye samaki wazima, ziache wiki sita, halafu kila anayenunua tangi muuzie na sponji moja lililokomaa, limefungwa na maji yake, lifike kwake siku hiyohiyo. Liuze hata kwa bei mara tatu, watu watalipa. Mteja naye aanze na reinbo wanne wadogo, awalishe kidogo sana, apime kila siku wiki mbili za kwanza.

Asiye na sponji la kuazima aanze bila samaki. Tangi la lita 250: gramu 4 au 5 za dagaa wakavu wasio na chumvi, wafunge kwenye soksi safi, tumbukiza, pampu iwake usiku na mchana. Amonia ikifika miligramu 2 kwa lita toa soksi, ikishuka rudisha. Nitriti itapanda, itakaa, kisha itaanguka. Siku ambayo amonia na nitriti zote zinasoma 0 siku moja tu baada ya amonia kuwa imefika 2, badilisha nusu ya maji na ukanunue samaki. Ni wiki nne hadi sita, na maji yakiwa ya baridi ni zaidi ya hapo. Kipimo kiwe cha matone, vile vikaratasi vya kuchovya vingi havipimi amonia hata kidogo.

Baridi nayo. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Juni na Julai tangi lisilo na hita linashuka chini ya nyuzi 20, wakati reinbo wanataka 24 hadi 27, kisha madoa meupe yanaibuka na muuzaji anauza dawa. Weka hita ya wati 200 hadi 300 kwa tangi la lita 250, na kipimajoto pembeni, usiamini namba iliyoandikwa kwenye hita. Mwinuko huohuo unafanya maji yabebe oksijeni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko Dar, kwa hiyo jiwe la hewa si pambo.

Sasa utapeli wa wazi. Kisamaki cheusi chenye mapezi mekundu, reinbo shaki, kinauzwa kama reinbo. Hawana undugu. Yule ni mkorofi, analinda eneo na kufukuza wenzake, na ukinunua sita watabaki mmoja. Mtazame mgongoni: reinbo wa kweli ana mapezi mawili, dogo mbele, refu nyuma. Shaki ana moja. Usipoyaona mawili, rudisha pochi mfukoni.

Na msionyeshe picha ya dume mzima halafu mnatoa vitoto vya sentimita 4 vya kijivu bila kusema kitu. Boesemani anachukua miezi mingi hadi mwaka kupata rangi, mwelezeni mteja, atavumilia. Kinyume chake, mtoto wa sentimita 4 anayewaka rangi kuliko mzazi wake, mtilie shaka: kuna wafugaji wanaowalisha homoni, na rangi hiyo inafifia akifika kwako.

Kuhusu ukubwa sitasema mengi. Boesemani anafika sentimita 10 na anaogelea kwa kasi, anataka tangi la urefu wa sentimita 120, na kundi la sita au zaidi, majike yazidi madume. Nafasi ndogo, chukua reinbo mdogo, Melanotaenia praecox, sentimita 5 au 6, tangi la sentimita 80 linawatosha. Wote wanaruka, kwa hiyo mfuniko, pamoja na ule upenyo wa mipira ya hewa. Mafundi vioo, kimo cha sentimita 50 ni kioo cha milimita 10, na silikoni ile inayonuka siki isiyo na dawa ya ukungu. Ya bafuni ina sumu, acheni kuichomeka kwa kuwa ndiyo iliyobaki kwenye bunduki. Ikauke siku saba kabla ya kutia maji.

Nyongeza: wengi mmeuliza samaki wanahema sasa hivi mfanye nini. Acheni kulisha. Badilisha nusu ya maji leo, nusu kesho, joto lilingane na la tangi. Maji ya bomba yatoe klorini: gramu 1 ya sodiamu thaiosalfeti kwa lita 100, au yaache kwenye pipa wazi yakipigwa hewa saa 24. Sponji usilioshe kwa maji ya bomba, likamulie kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini.

Aliyeuliza umeme ukikatika: pampu ndogo ya hewa ya betri inatosha usiku mzima. Mwenye filta ya mtungi (chujio lililofungwa, linalokaa nje ya tangi), ikizima zaidi ya saa mbili tatu usiiwashe tu umeme ukirudi. Maji yaliyolala mle hayana oksijeni na yananuka yai bovu. Ifungue, uyamwage, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.