Wasiwasi kabla ya usaili: ashwaganda, kamomaili au mafuta ya lavenda?

Mwana_Nkuhungu
Habari za jioni wakuu. Nina usaili wa mahojiano jumanne ijayo hapa hapa Dodoma na tangu meseji ya kuitwa iingie silali, moyo unaenda mbio, viganja vinalowa jasho, saa tisa usiku niko macho nasikiliza upepo unavyopiga mabati. Vidonge vya hospitali sitaki. Nina elfu 40 na nimeona vitu vitatu, unga wa ashwaganda (mzizi wa dawa za asili za India) kopo elfu 35, chai ya kamomaili ya vifuko elfu 12, na mafuta ya lavenda kachupa kadogo elfu 15. Nichukue ipi? Aliyewahi kutumia anijuze.

Fundi_Chamwino
Ashwaganda, usizunguke. Mi nilikunywa mwezi mzima kijiko kwenye maziwa ya moto, usingizi ulirudi nikawa nakoroma hadi mke analalamika.

Nesi_Mstaafu
Taratibu jamani. Mwanangu, umri hujasema, mwanamke au mwanaume hujasema, una presha? tezi ya shingo? unatumia dawa gani nyingine? Ashwaganda inachezea homoni za tezi, mjamzito hapewi, na kuna watu maini yao yalipata shida wakiwa wanaitumia. Halafu hao waliofanyiwa utafiti walikunywa wiki kadhaa ndo wakaona nafuu, wewe una siku sita.

Mgogo_wa_Bahi
Mbukwenyi. Elfu 35 kwa unga wa India na mchaichai umejaa kila uwani?? Chuma majani matano sita, yapondeponde kidogo, chemsha mpaka maji yawe ya kijani hafifu, asali kijiko, kunywa ulale. Basi.

Dada_Makole
Lavenda naipenda ila ni ya KUNUSA. Matone mawili kwenye leso unaweka pembeni ya mto. Usinywe hayo mafuta hata tone, Ujerumani wana vidonge vyake vya mg 80 vilivyofanyiwa majaribio, hicho ni kitu kingine kabisa na kachupa ka kupaka. Kamomaili nayo sawa tu, japo waliojaribu kwenye utafiti walipewa mg 1,500 kwa siku kwenye vidonge, kifuko kimoja cha chai hakifiki huko. Ina undugu na alizeti, kama maua yanakupigisha chafya kuwa makini.

Kijana_Ihumwa
Nisikilizeni mimi niliyeungua. Mwaka juzi nilikuwa na mawazo ya madeni, shangazi mmoja wa jirani akaniambia kungumanga ndo dawa ya kutuliza kichwa. Kwangua kidogo kwenye maziwa, akasema. Mimi kidogo yangu ikawa punje mbili nzima maana ya kwanza niliona haina harufu kali, nikanywa saa mbili usiku, saa tatu kimya, saa nne kimya nikamcheka shangazi nikalala. Saa saba naamka mdomo umekauka ulimi umegandia juu, moyo unapiga nausikia masikioni, ukuta unakuja unarudi, nikawa na uhakika nakufa nikaanza kumwandikia meseji mdogo wangu nani ananidai na nani namdai. Meseji ilikuwa ndefu mpaka nikaishiwa nguvu za kuandika. Asubuhi macho mekundu kama nimechoma mkaa usiku kucha, siku nzima sikuweza hata kupanda bodaboda. Yaani nilienda kutibu wasiwasi nikaununua mwingine. Kwenye pilau sawa, dawa hapana.

Fundi_Chamwino
😂😂 meseji ya madeni. Uliituma?

Kijana_Ihumwa
Niliituma. Mpaka leo anayo.

Mwana_Nkuhungu
Asanteni. Nilisahau kusema mimi ni mama, mtoto ana miezi mitano ananyonya. Dawa situmii. Labda kahawa tu, najisomea usiku mtoto akilala, vikombe vitatu vinne hivi.

Nesi_Mstaafu
VITATU VINNE?! Ungeanza na hilo. Kahawa ya saa nne usiku, saa tisa nusu yake karibu bado iko mwilini, na wewe unashangaa moyo kwenda mbio. Ashwaganda weka pembeni, unanyonyesha. Na ukienda kliniki na mtoto waambie wakupime wingi wa damu na tezi, baada ya kujifungua hivyo vyote vinaweza kukimbiza moyo ukadhani ni woga wa usaili. Ikizidi, Mirembe pale, hospitali ya afya ya akili, wana kliniki ya kwenda na kurudi.

Mgogo_wa_Bahi
Mama wa watu ana usaili nyie mnampeleka Mirembe, amekuwa kichaa?

Nesi_Mstaafu
Kauli kama hizi ndo zinawafanya watu wafie ndani na mawazo yao. Watu wazima wanaenda pale asubuhi, mchana wako kazini.

Dada_Makole
Kweli kabisa. Mi nilienda, na kazini sikumwambia mtu.

Mgogo_wa_Bahi
Sawa nimekosea, yaishe. Ila mchaichai nimebaki nao, na asali iwe ya Manyoni, hizi za barabarani zinaganda, ni sukari tupu.

Fundi_Chamwino
Nani kakudanganya? Asali halisi ndo inaganda, ya kwangu ya Itigi baridi ya Julai ikifika inakuwa kama samli.

Mgogo_wa_Bahi
Washa njiti ya kiberiti uichovye, ikiwaka ni halisi.

Fundi_Chamwino
Hiyo njiti inapima unyevu tu, kuna jamaa ameuziwa sukari guru na njiti iliwaka vizuri.

Nesi_Mstaafu
Mnabishana asali, mimi namkumbusha mama, unywe wewe tu, mtoto chini ya mwaka halambishwi asali hata kidole.

Mwana_Nkuhungu
Nimewaelewa, leo sijagusa kahawa kichwa kinauma balaa. Lavenda bado inanivutia. Nyie hiyo ya Itigi lita shingapi?

Fundi_Chamwino
Njoo inbox.