Vitu vya nyumbani vya kwenda navyo kempingi na watoto bila kutoboa mfuko, naombeni ushauri

mama_wawili
Habari zenu wadau. Mimi na mume wangu tunataka kuwapeleka watoto wakalale nje kwenye tenti siku mbili tatu hivi, ndo mara ya kwanza kwetu sote, mkubwa yuko darasa la nne na mdogo bado hajaanza shule. Tenti tumeazimwa na shemeji yangu. Shida ni hivyo vitu vingine, kila nikiingia mtandaoni nakutana na orodha ndefuuu, viti vya kukunja, sahani maalum, taa maalum, mpaka beseni nalo eti liwe la kempingi, ukijumlisha hela yote unakata tamaa ya safari kabisa. Nikitazama jikoni kwangu sufuria zipo, mablanketi yapo, ndoo zipo. Swali langu, vipi vya nyumbani vinafaa kweli na havitatuangusha kule, na kipi ambacho nisifanyie ubahili ninunue tu?

baba_turubai
Karibu dada. Kama una hela kidogo basi iweke chini ya mgongo, yaani kwenye kitu cha kulalia. Watu wengi wanahangaika na la kujifunika wakati baridi ya usiku inapandia chini, ardhi inanyonya joto la mwili usiku kucha, na blanketi ukishalilalia linabanwa mpaka halina tena hewa ya kutunza joto. Godoro la upepo peke yake nalo halitoshi maana ile hewa ya ndani inazunguka tu, inalichukua joto lako inalipeleka chini.

Dawa yake rahisi, tafuta maboksi makubwa yafungue yalaze sakafuni mwa tenti, juu yake tandika yale mazulia ya sponji ya watoto ya kuunganisha vipande vipande, kama unayo nyumbani hapo umeshamaliza kazi, halafu ndo godoro au mablanketi. Maboksi ni bure kabisa ila yasilowe.

Na nje chini ya tenti weka turubai, au hata pazia la zamani la bafuni lile la plastiki. Hakikisha ni dogo kidogo kuliko sakafu ya tenti, likizidi kunja kingo kwa ndani, kwa sababu likichomoza nje mvua ikinyesha linakinga maji na kuyaleta moja kwa moja chini yenu. Hili watu hulipuuza halafu wanalaumu tenti inavuja.

ndoo_na_mfuniko
Naunga mkono hapo juu, ila mimi nasema kitu cha kwanza kupakia ni ndoo yenye mfuniko unaobana. Unaenda nayo imejaa vyombo, ukifika inakuwa ya kuchotea maji, ya kufulia, kiti cha mtoto, na usiku mdogo akibanwa na haja wala huhitaji kutoka naye gizani (hiyo ya haja iwe ndoo yake peke yake jamani, iwekee na mfuko wa taka ndani).

Sufuria zako beba tu, chagua zinazoingiana, nzito acha. Kama mtapikia kuni, kabla hujaipandisha sufuria motoni ipake sabuni ya maji kwa nje, chini na pembeni. Masizi yatakaa juu ya sabuni, ukija kuosha yanateleza yote hata steelwaya hugusi. Mimi sipikii kuni bila kufanya hivyo.

Barafu usinunue. Gandisha chupa za maji ya kunywa kwenye friza siku moja kabla, usizijaze mpaka mdomoni maana maji yakiganda yanaongezeka kama asilimia 9 na chupa itapasuka. Zipange kwenye deli pamoja na chakula, zinachelewa kuyeyuka kuliko vipande vidogo, hazilowanishi chakula, na zikiyeyuka mnakunywa. Chumvi, sukari na viungo tia kwenye vikopo vya dawa vilivyooshwa vizuri vikakauka, andika juu ni nini.

Taa nayo, chukua kidumu cheupe kikiwa na maji, kizungushie tochi ya kichwani mwanga ukitazama ndani. Kidumu chote kinawaka, tenti nzima mnaonana.

mama_wawili
Asanteni jamani, kumbe nusu ya vitu ninavyo! Mazulia ya sponji yapo tena yamejaa stoo. Swali la nyongeza, tuna jiko dogo la mkaa, usiku tukishapika si naweza kuliingiza kwenye tenti dakika chache lipashe joto kabla watoto hawajalala? Nitaacha zipu wazi kidogo.

mlinzi_wa_moto
HAPANA dada, nakuomba sana usifanye hivyo. Mkaa hata ukiuona kama umezimika unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, mtu anasinzia na haamki. Zipu wazi kidogo haisaidii, na hata kwenye varanda ya tenti usiliweke. Jiko libaki nje, mbali na kitambaa, mkimaliza mmwagie maji mkaa mpaka ukishika majivu ni baridi.

Joto la watoto litafute kwa chupa. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo, jaza chupa ngumu isiyovuja, kaza kifuniko, igeuze kichwa chini uone kama inadondosha, halafu ivishe soksi nene na uiweke miguuni mwa mtoto chini ya blanketi. Wavalishe soksi kavu na kofia, zile nguo walizochezea mchana wavue zote hata kama unaona ni kavu, jasho la mchana ndo baridi ya usiku. Na ukiwa na blanketi la sufu na la pamba beba la sufu, pamba ikilowa haipashi tena.

Nguo za kila mtu zifunge kwenye mfuko wake wa taka kabla ya kuingiza kwenye begi, mvua ikija mtakuwa na cha kubadilisha. Na zile kamba za tenti zifungie vitambaa vya rangi kali, kanga kuukuu ichane vipande, la sivyo mdogo atajikwaa jioni hiyo hiyo ya kwanza.

baba_turubai
Nimerudi kidogo, umesema tenti ni ya kuazima. Isimamishe nyumbani kabla ya safari, hesabu vigingi, nusa ndani kama kuna ukungu, pitisha kidole kwa ndani ya paa, kama panatanata au panabanduka magamba ujue ile rangi ya kuzuia maji imekufa na itabidi muweke turubai la pili juu. Zipu ikiwa ngumu isugue na mshumaa. Halafu funga kila kitu, mmoja aingie ndani na mwingine amwagie tenti maji ya kutosha, hasa kwenye mishono.

mama_wawili
Tunaisimamisha Jumamosi hii. Watoto wameshagombania nani aingie ndani.