Gari jeusi, vumbi, jua kali na upepo wa chumvi: rangi naitunzaje?

GariJeusi

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya rangi za magari. Nina gari jeusi, rangi ni ile ile ya kiwandani haijawahi kurudiwa, na ninapoishi mazingira ni magumu kwelikweli: barabara ya vumbi mpaka mlangoni, jua la kuchoma kutwa nzima, pa kuegesha ni pa wazi hapana paa, alafu bahari haiko mbali kwa hiyo ule upepo wa chumvi unatufikia. Maji nayo ni ya kisima, yakikauka kwenye kioo yanaacha madoa meupe.

Shida yenyewe ni hii. Ukiliangalia gari kivulini linang'aa vizuri tu, ila jua likipiga kwenye boneti unaona michirizi myembamba imezunguka pale mwanga ulipo, na huku juu ya paa kuna sehemu imeanza kupauka. Wanaoniosheaga wanatumia sponji na sabuni ya unga, na kila asubuhi kabla sijatoka linafutwa vumbi kwa kitambaa kikavu. Sasa naomba kujua, nioshe kila baada ya muda gani, sabuni gani inafaa, na hizi waksi na seramiki (zile dawa za kupaka juu ya rangi ziilinde) zinazopigiwa debe kila kona zinasaidia kweli au ni kuliwa hela? Gari nalipenda na nataka nikae nalo miaka mingi, kwa hiyo mwenye maelezo marefu asinihurumie, aandike tu.

fundi_klia

Mkuu umeeleza vizuri kiasi kwamba jibu ni rahisi kulipata. Nianze na hicho kitambaa kikavu cha asubuhi, maana hicho ndo adui namba moja wa rangi yako, kabla ya jua na kabla ya chumvi. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga ni kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, wakati kisu cha chuma kipo kwenye 5 na kitu hivi. Klia ya gari, ule utando wa juu kabisa usio na rangi unaong'aa, haina ubavu mbele ya kitu kama hicho. Ukifuta vumbi kavu unalipiga gari msasa, tena msasa laini ndo maana leo huoni kitu na kesho huoni kitu, unakuja kuona pale jua linapopiga boneti ikiwa kazi ilishafanyika siku nyingi.

Rangi imekaa hivi: juu ya bati kuna praima (rangi ya msingi), juu yake rangi yenyewe, juu yake klia. Ukipima vyote kwa pamoja, magari mengi ya kiwandani yanakuja na mikroni 100 mpaka 150 hivi, na klia peke yake ni kama 40 au 50, yani sehemu ya ishirini ya milimita moja. Hiyo klia ndo imebeba dawa ya kuzuia mionzi ya jua isifike kwenye rangi. Michirizi uliyonayo inaondoka kwa kata polishi (polishi kali inayosaga klia kidogo), hilo linawezekana kabisa, lakini kila ukikata unakula mikroni kadhaa za klia na hazirudi. Ndo maana mimi nasema kwa mtu wa mazingira yako hela ya kwanza iende kwenye namna ya kuosha, usikimbilie seramiki ukaiweka juu ya gari ambalo bado linafutwa kikavu.

Kuosha sasa. Gari liwe limepoa, kivulini au alfajiri, shika boneti kwa kiganja, kama ina moto acha kwanza, maana maji na sabuni vitakauka kabla hujasuuza. Anza na maji matupu mengi ukitokea juu ya paa kushuka, vumbi liondoke lenyewe bila kuguswa. Kama una povu la kupuliza, puliza, liache dakika chache lilainishe uchafu lakini lisikaukie, suuza tena. Hapo ndo unashika glavu ya mikrofaiba (sponji achana nayo, ina uso bapa, mchanga unabaki katikati yake na rangi, wakati nyuzi ndefu za glavu zinaumeza mchanga ndani). Ndoo ziwe mbili, moja ya shampuu, moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu. Kila ukimaliza sehemu moja glavu inaingia kwanza kwenye maji matupu, unaisugua chini, ndo irudi kwenye shampuu. Baada ya milango miwili hivi chungulia chini ya ile ndoo ya maji matupu, utaona tope limelala pale. Lile lote lingekuwa linazunguka kwenye rangi yako.

Osha kutoka juu kwenda chini, sehemu za chini za milango na bampa ziwe za mwisho maana ndo chafu zaidi, na rimu ziwe na glavu yake na ndoo yake kabisa. Sabuni ya unga acha leo hii, ni kali, inaondoa waksi yote na inakausha mipira ya madirisha. Tafuta shampuu ya magari isiyo na asidi wala alkali kali, wenyewe wanaandika pH 7 kwenye chupa.

Kutu_Adui

Fundi hapo juu kamaliza upande wa rangi ya juu, mimi niongezee chumvi maana watu wengi wanaosha kinachoonekana tu. Chumvi inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata siku ambayo hamna mvua, bati lenye chumvi linabaki na unyevunyevu na kutu inaendelea kufanya kazi usiku kucha. Na haianzii katikati ya boneti mkuu, inaanzia kwenye maungio, chini ya milango, ndani ya madigadi, pale jiwe liliporuka likatoboa rangi.

Kwa hiyo kila unapoosha piga maji chini ya gari na ndani ya madigadi yote manne mpaka maji yatoke masafi. Alafu inama uangalie chini ya milango, kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, vumbi lenu hilo likichanganyika na maji linaviziba, maji yanabaki ndani ya mlango na mlango unaoza kutokea ndani. Vizibue kwa kijiti cha mbao au waya wa plastiki, usitumie chuma usije ukakwangua rangi ya ndani.

Mashine ya presha ni nzuri kwa kazi hii ila kaa mbali kama sentimita 30 hivi kutoka kwenye rangi na utumie ile pua ya kutawanya maji, ile ya mstari mmoja usiisogeze kabisa kwenye gari. Na pale penye rangi iliyoruka usilenge moja kwa moja, maji yanaingia chini ya rangi yanaibandua kipande kizima.

Swali la muda: kwa upepo wa chumvi mimi ningesema kila wiki, na ukipita sehemu yenye maji ya bahari basi siku hiyo hiyo.

GariJeusi

Asanteni sana, nimepata mwanga. Sasa wakuu kuna jambo, maji huku ni ya kuhesabu, kuna wiki hayatoki kabisa na siwezi kumwaga ndoo na ndoo kila wiki. Na vumbi linarudi kesho yake asubuhi. Nikiacha kufuta kabisa nitakuwa naendesha gari la kijivu.

Dada_Sukani

Kaka endesha la kijivu, vumbi lililokaa tu bila kuguswa halikwaruzi kitu! Futa vioo na taa na vioo vya pembeni uone barabara, kingine kiache mpaka siku ya kuosha. Kama una kampresa au kipulizio cha majani puliza vumbi kwa hewa, hapo hujagusa rangi.

Mambo ya maji machache nayajua vizuri. Kuna shampuu za kuoshea bila kusuuza, unachanganya kifuniko kidogo kwenye ndoo moja ya maji lita kumi hivi na inatosha gari zima. Ile dawa inafunika chembe za vumbi na kuziweka utelezi kati yake na rangi. Unaweka mataulo madogo ya mikrofaiba mengi, nane au kumi, yote yaloweke ndani ya ndoo. Kwanza unanyunyizia sehemu moja dawa hiyo hiyo kwa chupa ya kupuliza, unasubiri kidogo, unachukua taulo limelowa chapa, unapita mara moja kwa mstari mnyoofu bila kukandamiza, unaligeuza upande safi, unapita tena. Taulo likishachafuka pande zote linawekwa pembeni, HALIRUDI kwenye ndoo. Alafu unakausha ile sehemu kwa taulo jingine kabla ya kuhamia nyingine. Kwa vumbi inafanya kazi vizuri sana. Kwa matope usithubutu, matope yanataka maji ya kumwagika hamna ujanja.

Na taulo likianguka chini limeshatoka kwenye kazi siku hiyo, hata kama limegusa ardhi sekunde moja. Mataulo yafue peke yake, usichanganye na nguo, usiweke dawa ya kulainisha nguo maana inaziba nyuzi.

Madoa ya maji ya kisima: hayo ni chokaa, kalsiamu na magineziamu zinazobaki maji yakipaa. Dawa ni kukausha gari lote mara baada ya kusuuza, usiliache lijikaushe juani. Yaliyokaa siku chache yanatoka kwa siki nyeupe nusu na maji nusu, gari likiwa limepoa, unaweka dakika moja hivi kisha unasuuza na kuosha kawaida. Yakikaa miezi juani yanakula klia na hapo siki haisaidii tena, ni polishi. Ukiweza kukinga maji ya mvua yatumie kwa suuza ya mwisho, hayana chokaa.

fundi_klia

Dada hapo kwenye mataulo umesema kweli tupu.

Sasa waksi na seramiki. Zinasaidia mkuu, ila kila kitu kina kazi yake. Waksi ya karnauba inatokana na majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya minazi, inang'arisha rangi nyeusi kuliko kitu chochote, lakini kwa jua lako itakaa wiki chache tu, boneti jeusi juani linavuka nyuzi 70 za joto na waksi haipendi hivyo. Silanti, yani dawa za kulinda rangi kama waksi ila za kutengenezwa kiwandani, zinafika miezi minne mpaka sita kama unaosha kwa shampuu nzuri. Seramiki inafika mwaka na zaidi, inafanya uchafu usishike sana, kinyesi cha ndege hakiwahi kuingia haraka, kuosha kunakuwa rahisi. Lakini HAIZUII jiwe, na kitambaa kikavu kitaichora kama kilivyochora klia, yeyote anayekuambia haikwaruziki anakuuzia maneno. Kinachozuia mawe ni filamu ya plastiki ya PPF, hiyo ni nene, mikroni 150 mpaka 200, kuliko klia yako mara tatu nne, na bei yake ni kubwa kwa hiyo wengi wanabandika mbele tu, bampa, nusu ya boneti, na nyuma ya matairi.

Kwa wewe ningeenda na silanti. Unaweza kuipaka mwenyewe, ikiisha unarudia. Kabla ya kupaka vaa mfuko wa nailoni mkononi, pitisha vidole juu ya boneti lililooshwa, ukisikia vichembechembe vinakwaruza ni uchafu uliojikita, unatolewa kwa dongo maalum la magari na maji ya utelezi mengi. Ndo upake.

Kinyesi cha ndege usikisubirie siku ya kuosha. Kina asidi, na klia ikipata moto inalegea na kutanuka, jioni ikipoa inajikunja kuzunguka kile kinyesi na alama inabaki. Tembea na chupa ya dawa ya Dada_Sukani na taulo moja kwenye buti. Lilowanishe doa, subiri lilainike, linyanyue, usilisugue.

GariJeusi

Nashukuru mno. Maswali mawili ya mwisho. Nikinunua kava la gari si litamaliza kesi ya jua? Na pale mbele kuna vitobo vidogo vya mawe, kimoja nimeona kina wekundu.

Kutu_Adui

Kava kwenye vumbi na upepo mimi nalikataa. Unalivalisha gari ambalo tayari lina vumbi, upepo unalitikisa kava usiku mzima, asubuhi umepata michirizi mipya gari zima. Na kava la nailoni linafungia unyevu wenye chumvi ndani. Bora ujenge kibanda cha turubai juu ya nguzo nne, kivuli unapata na hamna kinachogusa rangi.

Hicho chenye wekundu shughulikia wiki hii. Kwangua kutu kwa ncha ya msasa mdogo mpaka uone bati linang'aa, safisha kwa spiriti, weka tone la praima ya kuzuia kutu, likikauka tone la rangi yenye namba ya gari lako (namba ipo kwenye kibandiko cha mlango au ndani ya boneti), tumia kijiti cha meno sio brashi, matone madogo madogo mpaka ilingane na rangi ya pembeni, mwisho klia.

fundi_klia

Na lile paa lililopauka usilipeleke popote kabla hujalipima. Chukua kitambaa cheupe safi na polishi laini kidogo, sugua sehemu ndogo kama kiganja. Kitambaa kikibaki bila rangi na ile sehemu ikarudi weusi wake, klia bado ipo, imechoka juu tu, inapigika polishi na unaifunika silanti siku hiyo hiyo. Kitambaa kikitoka cheusi, au ukiona kingo nyeupe zinabanduka, klia imekwisha pale na hamna waksi itakayoirudisha, hilo paa linataka kupigwa msasa na kupuliziwa upya. Tuma picha ya kitambaa ukishafanya.